Kijana Anayejiona, na Aibu Asiyoisema



Mshairi Mrumi Ovid alisimulia habari za Narcissus, kijana mzuri wa sura aliyewakataa wote waliompenda. Siku moja aliona sura yake katika maji ya chemchemi, akaipenda, akabaki pale pale hadi akafa. Wahubiri wa kiburi huipenda hadithi hii. Lakini Ovid anataja jambo tunalolipita haraka: Narcissus alikuwa na miaka 16. Na katika simulizi nyingine ya Kigiriki, ile ya Conon, kijana huyo anajiua mwenyewe.

Kutokana na jina lake wanasaikolojia wamepata neno nasisizimu, yaani hali ya mtu kujitazama na kujikweza kupita kiasi, huku akitegemea mno sifa za wengine. Tusiwe wepesi kumbandika kijana jina hilo. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza kwamba kijana wa umri huo kwa kawaida hujiona kana kwamba yuko jukwaani na watu wote wanamtazama. Ndiyo maana chunusi moja inaweza kumzuia asiende Misa. Hilo ni la umri na hupita. Tunachozungumzia hapa ni hali inayokaza mizizi.

Wataalamu huona sura mbili za hali hiyo. Ya kwanza tunaijua: majivuno, kudai heshima, kudharau wenzake. Ya pili hujificha. Kijana huonekana mpole, pengine mwenye haya, lakini moyoni anangoja kusifiwa, na neno dogo la kumkosoa humchoma kwa siku nyingi. Mara nyingi sura zote mbili hukaa ndani ya mtu mmoja. Tafiti zimeihusisha zaidi hii ya pili na mawazo ya kujiua. Kwa ile ya majivuno, uhusiano huo hauko wazi kiasi hicho.

Kwa nini? Kiungo kikubwa ni aibu. Chukua mfano wa kijana anayejulikana parokia nzima kuwa ndiye kichwa cha darasa. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka, amepata daraja la tatu. Mwenzake mwenye daraja hilo hilo analia siku mbili, kisha anaulizia vyuo. Huyu wa kwanza anaona kwamba yule mtu ambaye wote walimjua hayupo tena, na hajui mwingine wa kuwa. Hakuwahi kupendwa (ndivyo anavyoamini) ila kwa sababu ya kushinda.

Kujiua hakuna sababu moja. Kuna sonona, ukatili wa nyumbani, ulevi, kuonewa shuleni, na mengi hukutana kwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Ila mwaka 1998 Elsa Ronningstam na John Maltsberger wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wenye nasisizimu nzito waliojaribu kujiua ghafla, bila dalili za sonona. Kwa hiyo kauli yetu ya msibani, "mbona alikuwa mchangamfu tu", isitushangaze sana.

Sisi tunaosoma falsafa tunaweza kujifunza hapa kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa, anapozungumzia unyonge wa moyo, anasema kwamba hata huo waweza kuzaliwa na kiburi: mtu hung'ang'ania maoni yake mwenyewe kwamba hawezi, wakati anaweza. Nionavyo mimi, Tomaso ametupa ufunguo. Kumpiga kijana wa namna hii kwa mahubiri ya kumshusha mbele ya wenzake hakumtibu. Kunamthibitishia hukumu aliyokwisha kujipa. Aonywe faraghani, na asikie akiwa ameshindwa kwamba kiti chake kwenye kwaya bado ni chake.

Tukiwa na shaka, tumuulize waziwazi: "Mdogo wangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii; mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akikubali, tusimwache peke yake, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani.

Kwa waseminari wenzangu, jambo moja la nyongeza. Padre hawezi kutoa nje alichosikia katika kitubio, lakini anaweza kumsihi kijana wazungumze tena nje ya kitubio. Sisi ambao si mapadre hatubanwi na siri hiyo, hivyo tusiahidi kamwe kwamba "hili litabaki kati yetu".

Na familia iliyokwisha kufiwa tusiibebeshe hukumu. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi hupunguza wajibu wa aliyejiua, tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na Kanisa humwombea.

Kwa hapa Tanzania, wataalamu wa afya ya akili wapo Mirembe, Dodoma, na Muhimbili, Dar es Salaam. Aliye mbali aanzie hospitali ya wilaya au ya mkoa, aombe rufaa. Asipelekwe kama mkosaji, na mtu anayemwamini amsindikize.