Posa imefika, nami nataka utawa

Shangazi,

Nina miaka 27, ni mwalimu wa sekondari ya kata mkoani Iringa. Baba alifariki nikiwa chuoni, hivyo mimi ndiye ninayemsaidia mama na wadogo zangu wawili. Mmoja yuko kidato cha tano, mwingine anajifunza ushonaji VETA.

Chumba nilichopanga kiko jirani na misheni. Mwaka jana nilianza kuingia kanisani alfajiri kwa sababu tu daladala yangu hupita pale mapema. Masista walikuwa wakiimba Masifu, nami nikazoea. Sasa hata wakati wa likizo, ambapo sina daladala ya kuwahi, naamka saa kumi na moja niende kuimba nao. Nikiwa pale natulia kwa namna ambayo situlii mahali pengine popote. Nimeanza kuwaza kwamba Mungu ananiita.

Tatizo ni kwamba nina mchumba. Ana duka la pembejeo, ni Mkatoliki mwenzangu, hajanikosea lolote. Barua ya posa imeshafika kwa baba mdogo, na wazee wake wanataka kuja kupanga mahari baada ya mavuno. Yeye hajui chochote. Mama nilimdokeza, akalia, akasema: "Nilikusomesha ili ukaoshe vyombo vya mapadre?"

Nitajuaje kama ni wito kweli au naogopa tu ndoa? Na mchumba nimwambie sasa, au ningoje kwanza masista wanikubali?

Njia Panda, Iringa

Mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisiloweza kusubiri.

Mwambie sasa. Umwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla wazee wake hawajafunga safari. Kungoja masista wakukubali ndipo umwache ni kumweka akiba, na mtu ambaye hajakukosea hastahili kuwekwa akiba. Wala usimwombe akusubiri. Ukiupima wito huku ukijua kuna mwanamume anakungoja nje, siku ya kwanza ya upweke utamkimbilia yeye, kisha utasema ni Mungu aliyebadili mawazo. Ukishamwambia, baba mdogo naye aijibu ile barua kwa heshima zote. Afadhali posa irudi kuliko mahari.

Sasa tuje kwenye wito. Masifu umeyaandikia aya nzima. Mchumba umempa mistari michache, na kitu cha kwanza ulichonieleza kumhusu ni duka lake. Hilo linaniambia jambo. Lakini kuna kitu hukukiandika kabisa, nacho ni nadhiri. Hukutaja useja, ufukara wala utii. Unawafahamu masista wa alfajiri. Huwajui wa saa nne, ambapo aliyetamani kufundisha hesabu anaambiwa akasomee ufamasia kwa sababu zahanati ya shirika haina mtu. Huwajui wa saa mbili usiku, ambapo unakaa meza moja na mwenzako usiyemchagua, na asubuhi mlikwaruzana. Wengi tulio nje tunaona useja ndio mzigo. Muulize sista aliyezeekea utawani kipi kilimtoa jasho, usikie kama hatautaja utii.

Utulivu unaoupata kanisani ni mwanzo mzuri, ila peke yake hautoshi. Wako walei wengi wenye utulivu huohuo, wana ndoa na watoto. Mungu anaweza kukuita uombe zaidi bila kukuita uvae mavazi ya kitawa.

Kuhusu uoga wa ndoa, jiulize mambo mawili. Kama huyu kijana asingekuwepo, wala hakuna mwingine aliyeleta posa, ungeendelea kuamka saa kumi na moja? Na masista wakikukataa, utalia au utashusha pumzi? Hilo la pili ni gumu kulidanganyia. Anayekimbilia utawani ili asiishi na mtu atakuta huko anaishi na ishirini.

Bahati nzuri, Kanisa halikutegemei ulipate jibu peke yako kitandani usiku. Wito unapimwa na pande mbili, wewe na shirika, kwa miaka. Utaanza kwa kuwatembelea na kukaa nao siku chache. Wakiridhika utaingia hatua za malezi: uaspiranti, kisha upostulanti, kisha unovisi. Sheria ya Kanisa inataka unovisi usipungue miezi 12, na kwa kawaida usizidi miaka miwili. Humo novisi yuko huru kuondoka siku yoyote, na shirika nalo linaweza kumwambia hapa si pako. Baada ya hapo zinakuja nadhiri za kwanza, ambazo ni za muda tu: miaka isiyopungua mitatu, kwa kawaida isiyozidi sita. Ndipo nadhiri za daima. Kutoka siku utakayobisha hodi hadi hapo inaweza kupita miaka minane au zaidi, na sijui uchumba gani wa Iringa unaopewa muda huo. Aliyeingia unovisi kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa, sheria hiyohiyo inasema kupokewa kwake ni batili. Kwa hiyo hata ukienda, hujafungwa.

Tena usidhani masista wa jirani yako ndio masista wote. Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes kule Chipole, Songea, wanaishi kimonaki, sala na kazi vikienda pamoja. Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro wana mizizi yao Moshi. Masista Wamisionari wa Konsolata, ambao mkoani kwenu si wageni, walianzishwa Torino, Italia, mwaka 1910 na Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Hao kazi yao ni kutumwa mbali, na sista wao anaweza kujikuta Mongolia. Wapo pia wanaoishi ndani ya kuta za monasteri, kama baadhi ya Wakarmeli na Waklara, ambao hawafundishi shule wala hawauguzi. Kazi yao ni sala. Mwalimu unayependa ubao na chaki unapaswa kujua hilo kabla ya kuandika barua ya maombi. Ongea na paroko wako, na umtafute sista mmoja wa shirika usilolifikiria, ambaye hana haja ya kukuvuta kwake.

Tuje kwenye fedha, ambazo ndizo zinazomliza mama kuliko unavyodhani. Ukiwa na nadhiri ya ufukara, mshahara unaoupata ni wa shirika. Usiwaahidi wadogo zako kwamba utakuwa unatuma kidogokidogo, maana hutakuwa na chako cha kutuma. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, deni hilo ulimalize au ulionyeshe mapema, kwa kuwa wakuu wa mashirika wamekatazwa na sheria ya Kanisa kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Shauri langu: baki kazini hadi mdogo wako amalize kidato cha sita na mshonaji apate cherehani. Huo si uvivu wa kuitika. Katika muda huo tumia likizo zako kukaa na masista. Ila waandikie mapema na uwaulize ukomo wa umri, kwa sababu mashirika mengi yanao, na umri ni kama saa: unakwenda tu.

Kuhusu vyombo vya mapadre, usimkemee mama. Hofu yake si ya kubuni. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwaambia wakuu wa mashirika ya masista kwamba wameitwa kutumikia, si kutumikishwa. Asingelisema kama tatizo lisingekuwepo. Basi ukienda kutembelea, uliza bila haya: masista wenu wanasoma hadi wapi, wanafanya kazi gani, wakiugua nani anawatibu, wakizeeka wanatunzwa wapi? Uliza pia likizo za nyumbani zikoje, na mama akiugua utaruhusiwa kwenda kumuuguza kwa muda gani. Majibu hayo mpelekee mama yalivyo, hata yale yasiyopendeza. Ikiwezekana, nenda naye siku moja akaone kwa macho yake.

Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, aliyeuawa Isiro Desemba 1964 na kutangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985, inasimuliwa kwamba akiwa binti mdogo alipanda lori lililokuwa likiwapeleka wapostulanti, bila kumuaga mama yake. Muombe akuombee, muige katika mengine yote, lakini hilo la lori liache. Wewe una miaka 27 na mama mjane. Uage vizuri, hata kama itachukua mwaka mzima wa kuaga.

Na ikiwa baada ya yote utaona utawa si njia yako, hutakuwa umemkosea Mungu, utakuwa umemjibu. Utarudi darasani ukiwa mwalimu anayejijua zaidi. Ila usimpigie simu yule mwenye duka ukitarajia yuko palepale ulipomwacha. Hiyo ndiyo gharama ya kumwambia ukweli sasa, na ndiyo itakayokuonyesha kama kweli uko tayari kuanza.