Mabinti Watano na Daftari la Wapiga Kura

Maandiko ya somo: Hesabu 26:51–65, 27:1–11, 36:1–9, Yoshua 17:3–4

Wiki hii naomba tufungue sura ambayo wengi wetu huiruka tukisoma Biblia kwa mwaka. Hesabu 26 ni orodha tu. Ukoo baada ya ukoo, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka mstari wa 51 unapojumlisha: wanaume 601,730. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo orodha za namna hii hazinichoshi sana. Daftari huandikwa kwa sababu, na ukitaka kuijua sababu, endelea kusoma. Hapa iko mstari wa 52 hadi wa 56: nchi ilikuwa igawanywe kulingana na hesabu ya majina. Ukoo wenye majina mengi ulipata sehemu kubwa, wenye majina machache ukapata ndogo.

Angalia pia mistari miwili ya mwisho. Katika hao wote, hakuna aliyekuwa kwenye hesabu ya kwanza kule Sinai isipokuwa Kalebu na Yoshua. Wazazi walikuwa wamekwisha jangwani. Daftari hili la pili lilikuwa la watoto wao, watu wa miaka ishirini na kuendelea, waliokulia kwenye hema na kusikia habari za Misri kama hadithi ya nyumbani.

Sasa sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi wanatazama daftari na kuona kwamba baba yao alikufa bila mwana, kwa hivyo jina lake linapotea na wao hawana sehemu. Hawakukaa kwenye hema kulalamika. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakasema shida yao. Musa hakuwa na jibu. Akaipeleka kwa Bwana, na Bwana akasema hao mabinti wamesema kweli.

Kwa nini nimeleta somo hili Thika na Ruiru? Kwa sababu tumezungukwa na vyuo. Hapa Thika kuna Mount Kenya University, Gretsa na Thika Technical. Ukishuka Juja kuna JKUAT. Ruiru kuna Zetech, na wanafunzi wengi wa Kenyatta University hulala Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, ambazo ni wadi za eneobunge la Ruiru. Jumapili vijana hawa ndio wanaojaza viti vyetu vya nyuma, ndio wanaopiga kinanda, ndio wanaofundisha watoto. Na wengi wao, ukiwauliza, hawako kwenye daftari la wapiga kura. Au wako, lakini katika kituo ambacho siku ya kura watakuwa mbali nacho.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe hiyo haitegemei mapenzi ya mtu: Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano.

Niruhusuni hesabu kidogo. Mwaka 2022 waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na vijana wa chini ya miaka 35 hawakufika asilimia 40 yao. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2021, IEBC ilitaka kusajili wapya milioni 6 ndani ya mwezi mmoja. Wakapatikana takriban milioni 1.5. Siku ya kura yenyewe, zaidi ya milioni 7 waliokuwa kwenye daftari hawakutokea. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili katika urais ilikuwa kura 233,211, na vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya. Inakuja kura tano na kidogo kwa kila kituo. Watu watano hawajazi hata benchi moja la kanisa letu. Sisemi haya kumfurahisha wala kumuudhi mtu kwa matokeo yale. Nasema kwa sababu ya kijana anayeniambia, "Pastor, kwani kura yangu moja itabadilisha nini?" Na hiyo ni hesabu ya urais. Kwa MCA, anayekaa karibu kabisa na taa za barabara na basari ya wadi, tofauti huwa ndogo zaidi.

Tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kenya unapiga kura katika kituo ulichosajiliwa, basi. Ukisajiliwa Thika na siku hiyo uko kwenu Kitui, huna kura, hata kama una kitambulisho mkononi na jina lako liko kwenye mfumo. Kwa hivyo kumwambia mwanafunzi "enda ujiandikishe" ni nusu ya msaada. Mashine ikiletwa karibu na chuo, kijana anajiandikisha kwa sababu foleni ni fupi na marafiki wako hapo. Hakuna anayemuuliza: Agosti 2027 utakuwa wapi?

Hebu hesabu semista zako. Aliyeanza kozi ya miaka minne Septemba 2025 bado atakuwa mwanafunzi. Lakini je, Agosti huwa uko darasani, likizo, au atachi? Na wewe uliye mwaka wa tatu au wa nne leo, kufikia siku hiyo utakuwa umemaliza na kurudi nyumbani, au umepata kazi Mombasa. Ninajua ndugu waliosajiliwa hapa 2022 wakiwa wanafunzi. Leo wako Nakuru, wako Embu, na majina yao bado yako Thika.

Dada mmoja wa mwaka wa pili alinijibu vizuri nilipomuuliza. Alisema, "Pastor, nyumbani ni kwetu, lakini maisha yangu yako Gachororo. Maji yakikosa ni mimi ninayekosa. Nikiibiwa simu usiku ni mimi." Nikamwambia hilo ni jibu halali. Kuna mwingine atakayesema basari yake inatoka kwa eneobunge la wazazi, shamba liko huko, na Agosti lazima awe huko. Hilo pia ni halali. Kila mmoja achague kwa akili, si kwa urefu wa foleni.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Uwe raia, uwe umefika miaka 18, uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haitoshi, kwa hivyo mzazi mwenye kijana aliyetimiza 18, shughulikia kitambulisho kwanza. Usajili wa mfululizo ulirejea tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za IEBC za maeneobunge. Unaenda mwenyewe, wanachukua alama za vidole na picha. Hakuna anayeweza kukufanyia. Ikiwa tayari umesajiliwa mahali pengine, usijiandikishe tena! Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Unachoomba ni uhamisho, na sheria inataka ombi hilo lifike siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Usajili mpya nao hufungwa uchaguzi ukikaribia. Sisi Wakenya tunajulikana kwa siku ya mwisho, lakini hii siku ya mwisho haina huruma.

Mzee mmoja wetu, ambaye namheshimu sana, aliniuliza baada ya ibada ya kati ya wiki: "Pastor, tukiwasaidia hawa watoto waandikwe hapa, si watatuchagulia MCA halafu waende zao, sisi tubaki naye miaka mitano?" Wengine wetu tuliwaza hivyo bila kusema. Nilimpeleka Hesabu 36. Huko wazee wa ukoo wa mabinti wale walikuja na wasiwasi unaofanana na wake: hawa wakiolewa kabila lingine, sehemu yetu itaondoka nao. Na Mungu hakuwakemea wazee. Alisema wamenena vyema pia. Lakini tazama alichofanya. Haki ya mabinti haikufutwa. Iliwekewa utaratibu wa kulinda ukoo. Mwanafunzi anayelipa kodi ya nyumba hapa miaka minne, anayenunua mboga kwa mama zetu na kupanda matatu zetu, si mgeni wa wikendi. Na anayeondoka, sheria imempa uhamisho. Tunachopinga ni kitu kingine kabisa: watu kusombwa na magari kutoka mbali waje waandikwe katika wadi wasiyolala hata usiku mmoja, kwa faida ya mtu mmoja anayelipa.

Hapo ndipo niseme wazi. Vijana, kuna atakayekuja na mia tano na kusema jiandikishe kwenye wadi yangu. Kuna atakayetaka kitambulisho chako "akuwekee", au akipige picha kwa simu. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta majina yao kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kitambulisho chako kisitoke mkononi mwako. Na sheria ya makosa ya uchaguzi haimshiki anayetoa rushwa peke yake; inamshika na anayepokea.

Na sisi kanisa? Tumeshapata ofa ya basi la kupeleka vijana kusajiliwa, bure, lenye picha ya mtu ubavuni. Tulisema asante, hapana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Wakatoliki Nairobi aliagiza fedha zilizotolewa na wanasiasa, Rais akiwemo, katika kanisa la Soweto zirudishwe. Sisi ni Wapentekoste na si kila jambo tunakubaliana nao, lakini siku ile walitufundisha. Kijana akija hapa kuuliza habari ya kura, asihisi kwamba kuna mtu amelipia jibu atakalopewa. Hatutamwambia ampigie nani. Mimi mwenyewe nina mtu wangu, na hamtamsikia kutoka madhabahuni wala kwenye kikao cha chai. Kura ni siri.

Najua pia kuna vijana ambao tatizo lao si uvivu. Ni uchungu. Juni 2024 walitoka barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, hapa Thika Road wakiwemo. Makumi ya watu walikufa nchini. Mswada ukaondolewa, lakini waliokufa hawakurudi. Ndugu mmoja wa ushirika wa Ruiru aliniambia, "Tulilipa kwa damu, pastor, sasa unaniambia nipange foleni?" Sikumjibu haraka. Nilikaa naye, tukaomba. Wiki iliyofuata tulisoma pamoja Yoshua 17, na hapo nitawaacha nanyi.

Ahadi ya Hesabu 27 ilitolewa Musa akiwa hai. Miaka ikapita. Musa akafa. Yordani ikavukwa, vita vikapiganwa. Ardhi inapoanza kugawanywa, mabinti wale wanatokea tena mbele ya Eleazari na Yoshua, na wanawakumbusha: Bwana aliagiza tupewe urithi. Hawakudhani kwamba kwa kuwa neno limeandikwa litajitekeleza lenyewe. Walifuata. Mara ya kwanza walikwenda jina litambuliwe. Mara ya pili walikwenda siku ya kugawa. Na ndipo wakapewa. Ndugu yule aliuliza swali zuri: "Je, wangekaa nyumbani siku hiyo ya pili?" Tulilijadili mpaka saa nne usiku. Lijadilini katika ushirika wenu pia, na msiwakatize vijana wakiongea.

Siku ya kura yenyewe vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na ukiwa kwenye foleni saa ya kufunga bado unahudumiwa. Kuna mpendwa alipendekeza kanisa liweke mfuko wa nauli ya wapiga kura siku hiyo. Nia ni njema, lakini tumeona tusifanye. Pesa ikishikana na kura, hata pesa safi, inazaa maneno. Mzazi amtumie mwanawe nauli kama anavyomtumia akiitwa nyumbani kwa mazishi. Au bora zaidi, achague sasa kituo kisichohitaji nauli.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili kutakuwa na meza karibu na lango. Hakuna usajili utakaofanyika hapo, sisi si IEBC. Watakuwepo vijana wawili wetu wanaoelewa utaratibu, wakusaidie kufikiri ni kituo gani kinakufaa na kukueleza ofisi ya eneobunge lako iko wapi, iwe Thika Town, Juja au Ruiru. Hatutaandika jina lako wala kuangalia kitambulisho chako. Wanaotaka kwenda pamoja tutaondoka Jumatano saa tatu asubuhi, kila mtu na nauli yake. Na wazazi wenye watoto vyuo vya mbali, Eldoret, Maseno, Njoro, wapigieni simu jioni ya leo muwaulize watakuwa wapi tarehe 10 Agosti 2027.