Taya Dogo Korongoni

Mvua zikikatika, kingo za makorongo ya Ihanja, mkoani Singida, huchomoza mifupa. Mingi ni ya mbuzi. Niliwahi kuviringisha kipande cha taya kwenye leso, nikaenda nacho mbio nyumbani nikijua nimepata kitu cha miaka milioni. Mzee mmoja aliyekuwa akirudisha mifugo alikitupia jicho mara moja, akacheka: "Huyo ni mbuzi wa sikukuu, mwanangu." Udongo mwekundu ulikuwa umeupaka mfupa rangi ya kutu kwa misimu michache tu. Tangu siku hiyo rangi siijali. Nahesabu meno.

Niliyekuwa namuwaza ni Prototocyon, mnyama mdogo wa jamii ya mbwa aliyekwisha kutoweka. Mabaki yake yalitoka Olduvai, kaskazini mwa nchi yetu, na Hermann Pohle akayaelezea mwaka 1928. Jina la pili, recki, ni heshima kwa Hans Reck, mwanajiolojia Mjerumani aliyechimba Olduvai mwaka 1913. Wataalamu bado wanavutana: wengine wanasema anastahili jenasi yake peke yake, wengine wanamweka nyumba moja na mbweha masikio wa leo. Mbweha masikio ni yule mdogo wa kilo tatu hadi tano, mwenye masikio makubwa kuliko uso, anayetega sikio chini usiku akisikiliza mchwa.

Ukitaka kumtambua wa kale, anza na wa leo. Tafuta taya la chini la mbwa wa kijijini, lililokwisha kukauka na kusafishwa na jua. Mzoga mbichi usiuguse kwa mkono mtupu, wa mbwa wala wa mbweha, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ukiwa na taya safi, hesabu upande mmoja kuanzia mbele: meno madogo matatu, chonge moja, magego madogo manne, magego makubwa matatu. Jumla kumi na moja. Paka utampata na saba tu. Mbuzi ana pengo refu kati ya meno ya mbele na magego, na magego yake yana mikunjo ya mwezi mwandamo kwa juu. Ukiona hiyo mikunjo, rudisha mfupa chini uendelee na safari.

Mbweha masikio anazidi wote hao. Upande mmoja wa taya la chini unaweza kukuta meno kumi na mawili au kumi na matatu, kwa kuwa ana gego la ziada nyuma, wakati mwingine mawili. Mdomo mzima una meno 46 hadi 50, mbwa ana 42. Tena magego yake ni mafupi, yenye vinundu vya kusaga wadudu. Mbwa ana gego moja kubwa lenye ukingo mkali wa kukatia nyama. Kwa mbweha masikio gego hilo limepoteza makali. Pindua taya uangalie ukingo wa chini, karibu na kona ya nyuma: kuna kijipande cha mfupa kilichojitokeza kuelekea chini, mahali pa kushikia msuli unaomwezesha kutafuna harakaharaka. Prototocyon alikuwa katikati ya safari hiyo ya kutoka nyama kwenda wadudu, meno yake hayajaiacha nyama kama ya ndugu yake wa leo.

Meno yakiwa yamedondoka, hesabu matundu, lakini kwa uangalifu. Magego mengi yana mizizi miwili, kwa hiyo jino moja huacha matundu mawili, na anayeanza hujikuta na mnyama wa meno ishirini upande mmoja. Mtoto wa mbwa naye hudanganya kwa udogo. Chungulia kama kuna meno yanayosukuma kutoka chini ya yale ya juu.

Sasa swali la jiwe. Kisukuku, yaani mfupa uliogeuka jiwe, ni kizito kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa uleule, na ukikigonga kwa ukucha hulia kama kigae. Watu wengine huchoma pembe ya mfupa wanuse kama unanuka nywele. Usifanye hivyo: ukichoma umeharibu.

Na mahali? Hapa niseme wazi, maana nimepoteza siku nyingi. Majabali makubwa ya Singida ni granaiti, mwamba uliotokana na uji wa moto chini ya ardhi, na mnyama haachi mifupa humo. Usipande majabali. Tafuta penye tope la kale la ziwa au la mto, katika tabaka zilizolala moja juu ya nyingine kama mikeka. Bonde la Wembere liko upande wa magharibi, na ng'ambo yake, katika bonde la Manonga, watafiti wakiongozwa na Terry Harrison walikusanya katika miaka ya 1990 mabaki ya tembo, viboko, nguruwe na farasi wa vidole vitatu, ya takriban miaka milioni nne hadi tano na nusu. Kwa Ihanja yenyewe, ukipata taya dogo, uwezekano mkubwa ni la mbweha wa juzi. Lihifadhi hata hivyo. Ndilo kipimo chako.

Likiwa jiwe kweli, usiling'oe. Tabaka lililolishikilia ndilo linaloeleza umri wake, na ukilitoa hapo linabaki kuwa jiwe lenye meno. Weka sarafu kando yake, piga picha kwa karibu, kisha piga nyingine ukiwa mbali kiasi cha korongo lote kuonekana. Washa simu usome nambari za mahali, ziandike kwenye karatasi pia, kwa maana simu hupotea. Panga mawe matatu juu ya ukingo, siyo juu ya mfupa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni, kwa hiyo jembe liache nyumbani. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na picha mkononi, umwombe apeleke habari wilayani Ikungi na kwa wahusika wa mambo ya kale. Nenda mapema, kabla mvua inayofuata haijaula ukingo.