Kusia Mbegu Barazani

Vitabu vya bustani vya Ulaya na Marekani humtaka mtu asie mbegu ndani ya nyumba kwa sababu nje bado kuna barafu. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hana shida hiyo. Huku maadui ni jua la saa saba mchana, mvua ya matone mazito na kuku wa jirani. Basi mahali pazuri ni barazani, penye mwanga wa kutosha asubuhi na kivuli mchana. Chumbani miche hurefuka, hupauka na kuinamia dirisha, na ukiitoa nje upepo wa kwanza unailaza.

Si kila mbegu ya kusiwa. Nyanya, hoho, biringanya, kabichi na sukuma wiki huanzia kitaluni. Bamia, kunde na maharage zipande pale pale zitakapokulia. Karoti nayo usiihamishe, maana mzizi ukiguswa utavuna karoti yenye miguu miwili.

Chombo kisikugharimu. Kopo la siagi au chupa ya maji iliyokatwa inatosha, mradi utoboe matundu chini. Changanya udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza. Samadi iliyoiva hainuki, haina joto ukiishika, na hupukutika mkononi; mbichi itaunguza mizizi. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka kuua vimelea, kisha uache upoe kabisa.

Nunua pakiti yenye lebo ya taasisi inayothibitisha mbegu, TOSCI kama uko Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, na usome tarehe yake. Mbegu za nyanya ya sokoni huota vizuri tu, ila kama nyanya yenyewe ilitokana na mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama.

Fukia mbegu kina cha nusu sentimita hadi 1. Nyanya huchomoza kati ya siku ya 5 na ya 10. Hoho huweza kuchukua wiki 2, hata 3, na hapo ndipo wengi humwaga udongo wakidhani mbegu imeoza. Vumilia.

Kinachoua miche mingi ya wanaoanza ni maji, tena maji mengi. Asubuhi unakuta mche umelala, majani bado kijani, lakini shina limenywea na kuwa kama uzi pale linapogusana na udongo. Hicho ni kinyausi, kinacholetwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, vinavyostawi kwenye udongo uliolowa na miche iliyobanana. Mche ulioanguka haurudi. Utoe pamoja na udongo wake, punguza miche iliyosongamana, na umwagilie asubuhi tu, baada ya kuchomeka kidole na kukuta pamekauka juu. Afadhali zaidi, simamisha kopo kwenye beseni lenye maji kidogo yanyonywe kutokea chini, halafu uliondoe.

Nyanya huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6. Wiki ya mwisho punguza maji na uongeze jua kidogo kidogo ili miche ikomae. Pandikiza jioni. Mche wa nyanya uzamishe hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake lililofukiwa huota mizizi. Hoho ibaki kina kile kile ilichokuwa nacho.

Mimea mingine haihitaji mbegu kabisa. Matembele hukatwa ncha ya sentimita 30 hivi, unaondoa majani ya chini na kufukia vifundo viwili au vitatu. Kijiti cha mrehani kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya wiki 1 au 2, ukibadilisha maji yasichache. Rozimeri ni mvivu zaidi, na hupenda mchanga wenye unyevu kuliko glasi.

Kwa mchungwa, mimi ningemshauri anayeanza anunue mche uliobebeshwa. Tafuta kovu la kubebeshea karibu na chini ya shina, na usilifukie. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu yakate kila yanapojitokeza: mara nyingi shina la chini ni la mlimau, na ukiyaachia yataufunika mchungwa, uje uvune malimau.