MAMA ALIYE MBALI NA BINTI AMNGOJAYE

Somo: 1 Samweli 1:21–28 na 2:18–21



Katika mitaa yetu wamo wasichana wengi wanaolelewa na bibi au shangazi, kwa kuwa mama zao wako mbali. Mmoja anafanya kazi za nyumbani mjini, mwingine anafuata minada, mwingine amevuka bahari mpaka Omani. Hawakuwatupa watoto wao. Sare, madaftari na unga hutokana na safari hizo. Lakini mtoto haioni hesabu hiyo. Yeye huona kitanda kitupu. Tutazame Maandiko Matakatifu yanatufundisha nini.

1. Hana alikuwa mbali, lakini alimfikiri mwanawe. Alipokwisha kumwachisha Samweli ziwa, alimpeleka Shilo kwa kuhani Eli, naye akarudi Rama. Kila mwaka alimfanyia kanzu ndogo, akampelekea alipokwea na mumewe Elkana kutoa dhabihu. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mtoto anayekua. Ilimpasa Hana kukisia kimo chake, na kimo cha mtoto usiyemfikiri hukikisii.

Pengine mama hurudi na viatu vizuri, kumbe mguu wa binti umekwisha kuvipita. Binti hulia, nasi twasema hana shukrani. Halilii viatu, analia kwa kuwa mama hajui kwamba amekua. Basi mama, uliza kabla ya kununua. Bibi apime mguu kwa kijiti, akupe habari kwa simu. Kisha zungumza na mtoto mwenyewe, usimtumie salamu tu.

2. Huzuni ya mtoto si utovu wa adabu. Mama akija, binti mwingine hujificha nyuma ya bibi, asimwamkie. Asipigwe. Anaogopa kumzoea tena mtu atakayeondoka kesho kutwa. Mama naye asinyemelee usiku ili akwepe kilio. Amwage, amtajie siku ya kurudi kama anaijua, wala asiahidi asiloliweza.

3. Kanisa ni jamaa yake. Mtume Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza katika Loisi, bibi yake Timotheo, na katika Eunike mama yake (2 Timotheo 1:5). Basi malezi ya bibi yana heshima yake. Huko Uingereza Jumapili ya 4 ya Kwaresima ni siku ya akina mama. Zamani wasichana waliotumika katika nyumba za watu waliruhusiwa siku hiyo kwenda kwao kuwaona mama zao. Nasi tujihoji. Kati yetu wamo waliomwajiri mama wa mtoto mwingine ili awalelee watoto wao. Je, anapata siku za kwenda kumwona wake?

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Ni mtoto gani jirani yetu ambaye mama yake yuko mbali?
(b) Ni nani humwuliza habari za siku yake atokapo shuleni?
(c) Mfanyakazi wetu ana watoto wangapi, na aliwaona lini?

Sala: Ee Mungu Baba yetu, usiyemsahau mtoto ye yote, uwalinde akina mama walio safarini, uwafariji watoto wanaowangoja, utufanye sisi kuwa jamaa yao, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.