SOMO LETU: Hesabu Meno Kabla ya Kununua Baiskeli ya Mlima



Safari hii tunaongea juu ya baiskeli, kwa sababu sisi wenyewe tulifanya kosa na hatungependa mlirudie.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Iten kilichanga pesa kununua baiskeli mbili za kupeleka maziwa. Wakatuomba ushauri. Tukaangalia rangi, tukaona karatasi iliyobandikwa ikisema "gia 21", tukawaambia, "Chukueni hizo." Asubuhi ya kwanza kijana alipakia lita 30 za maziwa. Katikati ya mlima miguu ikakataa, naye akabadilisha gia huku anakanyaga kwa nguvu zote. Cheni ikaruka, na ule mkono wa gia wa nyuma ukaingia kwa spoki. Lori la maziwa likaondoka bila yeye. Maziwa yakarudi nyumbani yakawa mursik, lakini karo ya shule hailipwi kwa mursik. Baada ya wiki chache baiskeli zote mbili zilikuwa zimetundikwa ukutani, na deni la kikundi bado liko.

Tuliuliza swali baya. Tuliuliza, "Ina gia ngapi?" Tungeuliza, "Gia yake ndogo kabisa ni ipi, na nani ataitengeneza ikiharibika?"

GIA INAFANYA NINI?

Gia haipunguzi kazi ya mlima. Mzigo ni ule ule na mlima ni ule ule. Gia inagawa kazi vipande vidogo, kama ngazi. Ukipanda kwa hatua fupi unafika bila kuchoka sana. Ukipanda kwa hatua ndefu, magoti yanalia.

Baiskeli ina meno ya mbele, yale ya kwa pedeli, na meno ya nyuma, yale ya friwili. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma, halafu zidisha na mzingo wa gurudumu. Jibu ni mita unazosonga pedeli ikizunguka mara moja.

Tuchukue mifano mitatu:

1. Black Mamba, meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2: inasonga kama mita 5.4.

2. Black Mamba hiyo hiyo ikiwekwa friwili ya meno 22: mita 4.4.

3. Baiskeli ya mlima, meno 24 mbele na 28 nyuma, mzingo wa mita 2.05: kama mita 1.8.

Sasa tuseme barabara inapanda sentimita 8 kwa kila mita. Kila mzunguko wa pedeli, yule wa kwanza anainua mwili, baiskeli na maziwa yote sentimita 43. Wa pili, 35. Wa tatu, 14 tu. Mnaona tofauti ya hizo ngazi!

Lakini gia ndogo sana nayo haifai. Ukishuka chini ya mita moja na nusu, mwendo unakuwa wa mtu anayetembea, na baiskeli yenye mzigo inayumba. Hapo heri kushuka na kusukuma.

PIMENI WENYEWE

Kama hesabu inawachosha, fanyeni hivi. Weka pedeli moja chini kabisa, chora alama kwa ardhi penye gurudumu la nyuma. Vuta baiskeli kurudi nyuma mpaka pedeli izunguke mara moja, halafu pima kwa utepe. Usiisukume mbele, kwa sababu friwili itateleza na pedeli haitazunguka.

Mlima pia unapimika. Chukua ubao wa mita moja, uguse barabara kwa upande wa juu, uuweke sawa kwa chupa ya maji iliyolazwa. Pima nafasi iliyobaki chini ya ule upande mwingine. Sentimita 8 ni mlima wa kutosha. Zikifika 12, mwenye mzigo atasukuma karibu kwa baiskeli yoyote.

TUCHAGUE IPI?

Kama njia yenu ni ya mawimbi tu, kama sehemu nyingi za kuzunguka Eldoret, Black Mamba yenye friwili ya meno 22 inatosha. Fundi wa jua kali anaibadilisha kwa muda mfupi, ingawa cheni huenda ikaongezwa pingili kidogo. Kwenye tambarare mtakwenda polepole kuliko zamani, lakini mtafika.

Kama kila siku mnapanda mlima mrefu, tafuteni baiskeli ya gia. Hakikisheni kwanza kuna spea na fundi karibu, keria imara na spoki nene. Kuna pia Buffalo ya gia mbili yenye cheni mbili. Unabadilisha kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo, haina waya wala mkono wa gia wa kuingia kwa spoki.

Na msisahau kurudi. Iten iko kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na Bonde la Kerio liko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Kupanda ni gia, kushuka ni breki. Breki za vyuma za Black Mamba hushika vibaya mvua ikinyesha, kwa hivyo zijaribuni mkiwa na mzigo kabla ya kuingia mteremko wa Tambach.

KUTUNZA GIA

• Badilisha gia kabla mlima haujaanza, na ulegeze mguu kidogo wakati unabadilisha.
• Usiunganishe meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma. Cheni inavutwa sana.
• Safisha cheni kila wiki, na kila baada ya matope. Paka mafuta kidogo, upanguse yaliyozidi.
• Friwili mpya na cheni kuukuu hazipatani. Cheni iliyovutika itakula meno mapya.

Wale akina mama waliuza moja ya baiskeli zile. Ya pili fundi aliinyoosha, na kijana akafundishwa kubadilisha gia kule tambarare, bila mzigo, jioni tatu. Sasa anawahi lori. Somo hilo tungelitoa siku ya kununua, deni lingekuwa limekwisha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mlima upi kwa njia yetu unaotushinda? Nani ataupima wiki hii?
2. Baiskeli tulizonazo zina meno mangapi mbele na nyuma?
3. Ikiharibika, fundi ni nani, na pesa za spea zitatoka wapi?
4. Anayepanda baiskeli kila siku aliulizwa kabla ya kununua?