Laini ya Kongo kwa Mgeni wa Baraka: Iwe kwa Jina Lako

Wenzangu wa Kigoma wanaojiandaa kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Baraka, upande wa Kongo, kwa mara ya kwanza huniuliza habari za boti za Kibirizi, za maofisa wa DGM (uhamiaji wa Kongo) bandarini, na za usalama wa barabara. Simu huiulizia mwisho, wakishafunga mizigo. Mimi huwaambia waanze nayo. Wilayani Fizi, iliko Baraka, laini ya simu ndiyo pochi yako, ndiyo itakayomjulisha mwenyeji wako umefika wapi, na siku njia ikichafuka ndiyo itakayokupa habari mapema ubaki ulipo. Mimi ni mfanyabiashara. Napeleka chumvi ya Uvinza na kurudi na vitenge. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya mwenyewe kila nikivuka.

Kwanza, laini yako ya Tanzania. Usiiache nyumbani, lakini usiitegemee. Watu wazima wa Kigoma bado wanakumbuka enzi za kampuni ya simu ya Celtel, ilipoanzisha One Network mwaka 2006 kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kisha mwaka uliofuata ikaiingiza Kongo. Ulivuka ziwa na namba ileile, ukapokea simu bila kukatwa, ukaongeza salio kwa vocha ya huko. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na kumbukumbu hiyo leo haikulindi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila kampuni yako ya simu ya Tanzania bado inaihesabu Baraka kuwa nje ya nchi. Piga huduma kwa wateja kabla ya safari, uliza bei ya kupiga, kupokea na intaneti ukiwa Kongo. Kisha zima intaneti ya laini hiyo kwenye mipangilio ya simu, uiache ipokee ujumbe wa benki tu. WhatsApp yako itaendelea kufanya kazi kwa namba ya zamani hata ukitumia intaneti ya laini mpya. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa.

Kwa hiyo simu ya kwenda nayo iwe ya laini mbili. Tecno, Itel au Infinix ya kawaida inatosha, na ukiwa na kitochi cha akiba chenye betri ya kukaa siku kadhaa, kichukue pia. Usiogope hadithi za kodi ya simu. Ni kweli Septemba 2020 serikali ya Kongo ilianzisha makato yaliyoitwa RAM, dola moja kwa mwaka kwa simu za kawaida na dola saba kwa simu za intaneti, na makato hayo yalichukuliwa moja kwa moja kwenye salio la watu. Wananchi walipiga kelele, yakafutwa mwaka 2022. Bado nawasikia wasafiri wakishauriana kuacha simu janja nyumbani kwa sababu ya RAM. Ushauri huo umepitwa na wakati.

Sasa kununua laini. Kivu Kusini, jimbo iliko Baraka, utasikia majina matatu: Vodacom, Airtel na Orange. Mgeni huuliza ipi ni rahisi, na mimi naona hilo si swali la kuanza nalo. Uliza ipi inashika kule unakolala, na ipi wanatumia watu utakaowapigia. Kupiga ndani ya mtandao mmoja huwa nafuu zaidi, na vifurushi vingi vimepangwa hivyo. Pia Fizi ni nchi ya milima. Mnara unaosikika vizuri Baraka pwani ya ziwa unaweza usisikike kabisa ukishapanda kuelekea Fizi penyewe au ukishuka kwenda Lulimba. Kwa hiyo kabla sijavuka humtumia mwenyeji wangu ujumbe wa swali moja: hapo nyumbani kwenu, ndani ya nyumba, ni mtandao gani unashika? Jibu lake ndilo linaloamua. Akisema miwili, nanunua yote miwili, maana kadi ya laini si kitu cha gharama. Gharama ni kukosa mawasiliano.

Nunua dukani au kwa wakala aliyeidhinishwa mjini Baraka, mchana, ukiwa na pasipoti yenye muhuri wa kuingia. Usinunue kwa haraka palepale mizigo inaposhushwa. Hapa ndipo naomba msomaji wangu asimame nami kidogo, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Sisi Tanzania tumezoea alama za vidole na namba ya NIDA, tangu laini zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mwananchi wa kawaida. Mwenyeji huandikisha laini kwa kadi hiyo. Wewe mgeni huna, una pasipoti. Kuiandikisha pasipoti huchukua muda zaidi: wakala lazima aipige picha, aandike jina lako lilivyo, wakati mwingine ampigie mkubwa wake. Ndipo utakaposikia maneno ya upole kabisa: "Mama, usichoke, tukuandikishe kwa kadi yangu." Anayesema hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Anakuonea huruma, jua ni kali, na anataka kuuza.

Kataa kwa heshima. Mwambie, "Aksanti, ndugu yangu, nitangoja." Mwenzangu mmoja wa sokoni alikubali. Akaitumia laini vizuri, wateja wakamlipa kwa simu, pesa ikakaa mle. Kisha simu ikaibiwa. Alipokwenda kuomba arudishiwe namba, akaulizwa kitambulisho cha mwenye laini, na mwenye laini alikuwa kijana aliyeshahama mji. Pesa ilikuwepo, kila mtu aliyehusika alijua ni yake, na hakuna aliyeweza kumpa. Ingekuwa laini kwa jina lake, angeonyesha pasipoti, angepewa kadi mpya yenye namba ileile na salio lake ndani. Laini isiyo na jina lako ni sawa na kuweka akiba kwenye sanduku la jirani ambaye anakaa na ufunguo.

Ukishaandikishwa usiondoke mezani. Weka kadi kwenye simu, ingoje ikamate mtandao, mpigie mwenyeji wako, naye akupigie. Jaribu intaneti. Mwombe wakala akuonyeshe jina lililoingia, lisomeke kama kwenye pasipoti. Chukua kile kipande cha plastiki kilichobeba kadi, maana ndicho chenye namba ya PUK, ya kufungua laini ikijifunga. Kipige picha na uitume kwa mtu wako wa Kigoma. Bonyeza *#06# uandike mahali pengine namba ya utambulisho wa simu yako (IMEI), yenye tarakimu 15. Namba za Kongo zinaanza na +243, zetu na +255. Wenyeji watakutajia namba yao ikianza na sifuri. Ukiihifadhi, ondoa sifuri uweke +243, ili ikufae hata ukirudi ng'ambo ya ziwa. Na namba zako zote za nyumbani zihifadhi kwa +255 kabla hujavuka.

Kuhusu salio: Baraka utasikia watu wakisema "unité" kwa muda wa maongezi na "mega" kwa bando la intaneti. Bei hutajwa kwa dola, unalipa kwa dola au kwa faranga za Kongo. Beba dola safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyochorwa kalamu au iliyochakaa itakataliwa, na hakuna ubishi utakaokusaidia. Kwa manunuzi madogo kama salio, tafuta faranga mapema.

Fedha za simu ndizo zenye faida kubwa zaidi kwa msafiri wa Fizi, kwa sababu kutembea na fedha taslimu barabarani si salama. Fungua akaunti siku hiyohiyo unayonunua laini: Vodacom wana M-Pesa kwa *1122#, Airtel Money ni *501#, Orange Money ni *144#. M-Pesa ya Kongo ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na itakuuliza unataka upi kabla ya kufanya lolote. Soma vizuri hapo. Aliyekutumia dola usiende kumtafuta kwenye faranga. Menyu nilizokutana nazo zilikuwa za Kifaransa, kwa hiyo mara ya kwanza pitia hatua zote pamoja na mwenyeji unayemwamini, lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe.

Na hili liwaingie vizuri watu wa Kigoma: M-Pesa yako ya Vodacom Tanzania na M-Pesa ya Vodacom Kongo ni akaunti mbili tofauti. Jina ni moja, alama ni moja, lakini fedha uliyoiacha kwenye *150*00# haitaonekana kwenye *1122#. Panga mapema utakavyopeleka fedha upande wa pili.

Toa fedha utakazohitaji ukiwa Baraka, ambako mawakala ni wengi. Ukiwa vijijini, wakala anaweza kuwepo na mtandao ukawepo, lakini yeye mwenyewe akawa hana fedha ya kukupa siku hiyo.

Umeme upangie pia. Sehemu kubwa ya Baraka na vijiji vyake huishi kwa nguvu ya jua na jenereta, na kuna vibanda vya kuchaji simu kwa malipo. Andika jina kwenye simu yako ukiiacha huko, na kwa siri zako ni bora utoe kadi za laini kwanza. Mimi natembea na betri ya akiba na taa ndogo ya jua yenye tundu la kuchajia. Nafurahi kusema kwamba miongoni mwa waliosambaza taa za jua nchini Kongo ni Altech, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wana wa Kivu Kusini waliokimbia vita wakiwa watoto na kukulia kambini Nyarugusu, kwetu mkoani Kigoma.

Jambo dogo linalosumbua watu: saa. Baraka iko nyuma ya Kigoma kwa saa nzima. Simu ikikamata mnara wa Kongo saa yake hubadilika yenyewe, na ukiwa ziwani inaweza kukamata mnara mwingine ikabadilika tena. Ukiahidiana na mtu, taja saa ya Kongo. Karibu na rasi ya Ubwari, ambako Burundi inatazamana nawe, chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, usiiachie simu ichague yenyewe, la sivyo utashtukia unatozwa kama mgeni wa nchi ya tatu.

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakahamia Marekani nao wanarudi kusalimia wazazi, na hao wana tatizo lao. Simu nyingi za kule hufungwa kwa kampuni iliyoziuza; omba ifunguliwe kabla hujapanda ndege, kwa kuwa Baraka hakuna wa kukufungulia kihalali. Tena iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa mahali pa kuweka kadi ya laini. Laini utakayouziwa Baraka ni kadi ya plastiki. Njoo na simu nyingine, au nunua kitochi hapohapo mjini, hata kama ni kwa ajili ya kupiga na kupokea fedha tu.

Barabarani, simu ikae mfukoni. Usipige picha wanajeshi, vizuizi, wala bandari. Mwachie mtu mmoja wa nyumbani ratiba yako na mkubaliane saa maalumu ya kuwasiliana kila siku, kisha mkubaliane pia kwamba mtandao ukikatika siku moja asihangaike. Tangu Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ichukuliwe na waasi wa M23, Februari 2025, habari za jimbo hili hubadilika upesi. Piga simu kwa mwenyeji asubuhi ya safari, hata kama mliongea usiku.

Ukirudi nyumbani, toa fedha zote kwenye akaunti ya Kongo kabla ya kupanda boti. Kadi usiitupe. Muulize wakala laini hukaa muda gani bila kutumika kabla haijafungwa, na kama unatarajia kurudi, mwombe mwenyeji akutumie salio kidogo mara kwa mara.

Nanyi wenyeji wa Baraka, mama zangu na kaka zangu mnaotupokea kwa ukarimu: mgeni akiwaomba mumwandikishe laini kwa kadi yenu ya mpiga kura, msikubali. Msindikizeni dukani, mkae naye, mumsaidie na Kifaransa cha fomu. Laini ikitumika vibaya siku moja, jina litakaloitwa ni lenu, na mgeni mwenyewe atakuwa ameshavuka ziwa.